Uvimbe Una Breki

Mama msikilizaji, mtoto akijikwaa, kidole huvimba. Mwaka 1949 huko Brazil, Maurício Rocha e Silva na wenzake walieleza kwamba sumu ya nyoka ikichanganywa na damu, hutokea bradikinini, kipande kidogo cha protini. Tena hakitoki kwa nyoka, bali katika damu yenyewe! Hushika vipokezi juu ya seli. Mishipa hutanuka, maji huvuja, maumivu huja.

Miaka ya 1980 huko Marekani, Robert Lefkowitz na wenzake, wakichunguza vipokezi vya adrenalini, walionyesha kuwa seli hubandika fosfati kwenye kipokezi kilichoshikwa, nacho hunyamaza. Baadaye ikaonekana kuwa kipokezi cha bradikinini nacho hutulizwa vivyo hivyo. Lakini mtoto akivimba ulimi au midomo, usingojee breki hiyo: kimbilia hospitali.