Maganda ya juisi: ng'ombe anafaidi madini gani?

Wengi wenu mnaniuliza kama maganda ya machungwa na nanasi yanayobaki kwenye vibanda vya juisi, pale Maili Moja au Kisarawe mjini, yanampa ng'ombe madini au yanamjaza tumbo tu. Kabla hujamlipa bodaboda akubebee viroba, sikiliza jibu lilikotoka.

Zamani chakula cha mifugo kilichomwa, majivu yakapimwa, ikaandikwa kina madini kiasi fulani. Lakini majivu hayakuambii mnyama amefaidi nini. Madini yanaweza kuingia mdomoni na kutoka kwenye samadi vilevile.

Mwaka 1963 watafiti wawili wa Uingereza, Tilley na Terry, walieleza namna ya kumeng'enya malisho ndani ya chupa: siku mbili kwenye majimaji ya tumbo kubwa la kondoo, kisha siku mbili kwenye asidi na pepsini. (Mwaka huohuo nchi za Nordiki zilitiliana saini na Tanganyika kujenga kituo chetu hapa Kibaha, chenye mafunzo ya wakulima, leo ni Shirika la Elimu Kibaha.) Mwaka 1979 Ørskov na McDonald wakaandika juu ya kifuko cha nailoni. Chakula hutiwa humo, kikazamishwa tumboni kupitia tundu lililofunguliwa ubavuni mwa mnyama, kisha hupimwa kilichobaki. Wao walikuwa wakitafuta protini. Waliofuata wakapima madini kwa njia hiyohiyo, wakaona potasiamu huachiwa haraka, ila kalsiamu hukawia kwa sababu imeshikana na kuta za mmea.

Sasa jihadhari na majedwali ya kwenye simu. Utasoma kwamba maganda ya machungwa yamejaa kalsiamu. Mengi ya majedwali hayo yanahusu maganda makavu ya viwandani, kama yale ya Florida, Marekani, ambako huchanganywa na chokaa ili maji yakamuke. Sehemu kubwa ya kalsiamu ile ni ya chokaa! Maganda yetu hayatiwi chokaa, kwa hiyo usiyahesabie kiasi hicho.

Fosforasi ndiyo haba kabisa kwenye maganda. Hapo pumba ya mahindi inasaidia, maana fosforasi yake imefungwa, lakini vijidudu vya tumbo la ng'ombe au mbuzi wanaweza kuifungua. Kuku hana vijidudu hao wa kutosha, ndiyo maana viwanda vya chakula cha kuku vilianza kuongeza kimeng'enya cha fitasi miaka ya 1990.

Na wa Kisarawe mwenye machicha ya mabibo: ule ukakasi unaokausha ulimi ni tanini, nayo hushika chuma na protini. Changanya kidogo tu.

Maganda lisha yakiwa mabichi, siku hiyohiyo, ukianza na kiasi kidogo. Yaliyoota ukungu tupa. Jiwe la kulamba lisitoke bandani, hasa kwa ng'ombe anayekamuliwa.