Sassicaia: Mvinyo wa shamba la mawe ulioitangulia sheria

KATIKA pwani ya Toscana, magharibi mwa Italia, kuna barabara iliyonyooka kama uzi. Kwa karibu kilomita tano, imepakana pande zote mbili na miti mirefu ya misaipresi, kutoka kanisa dogo la San Guido hadi kijiji cha Bolgheri. Mshairi Giosuè Carducci, aliyetunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 1906, aliitungia miti hiyo shairi, na mji jirani wa Castagneto ukapewa jina lake kwa heshima.

Enzi hizo hakuna aliyefika huko kutafuta mvinyo mwekundu. Ukanda huo, uitwao Maremma, ulikuwa nchi ya vinamasi, ng'ombe na malaria. Mvinyo wa kusifika wa Toscana, kama vile Chianti na Brunello, ulitoka kwenye vilima vya bara, nao ulitengenezwa kwa zabibu za kienyeji ziitwazo sangiovese.

Leo, chupa moja ya Sassicaia kutoka shamba la Tenuta San Guido huuzwa kwa mamia ya euro. Ili kufika hapo, mvinyo huo ulilazimika kushinda vikwazo vitatu: ndimi za wenyeji, sheria za serikali na, hatimaye, matapeli.

Mwasisi wake ni Mario Incisa della Rocchetta, kabaila aliyezaliwa mwaka 1899 katika ukoo wenye asili ya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Alisomea kilimo mjini Pisa katika miaka ya 1920, na tangu ujana wake alivutiwa mno na mivinyo ya Bordeaux, nchini Ufaransa. Mwaka 1930 alimwoa Clarice della Gherardesca, ambaye ukoo wake ulikuwa umemiliki ardhi ya Bolgheri kwa karne nyingi. Shamba la San Guido lilimfikia kupitia ndoa hiyo.

Mapenzi yake mengine yalikuwa farasi. Akishirikiana na mfugaji mashuhuri Federico Tesio, Mario alihusika katika zizi la Dormello-Olgiata, ambako alitoka Ribot. Farasi huyo alishiriki mashindano 16 na kuyashinda yote, likiwemo lile la Arc de Triomphe jijini Paris mwaka 1955 na tena mwaka 1956. Wanaoufahamu ukoo huo husema kwamba subira ya mfugaji, anayengoja miaka mingi kuona tunda la uteuzi wake, ndiyo iliyohamia katika mizabibu.

Mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vingali vinarindima, Mario alipanda mizabibu ya aina ya cabernet sauvignon na cabernet franc kwenye kipande kidogo cha ardhi huko Castiglioncello, mlimani juu ya Bolgheri. Vipandikizi alivitoa katika shamba la marafiki karibu na Pisa. Alikuwa amegundua kwamba baadhi ya udongo wa San Guido ulijaa mawe na kokoto, mithili ya eneo la Graves huko Bordeaux. Kokoto hupitisha maji upesi, na mzabibu usiooga maji huteremsha mizizi yake mbali na kuzaa zabibu chache zenye ladha nzito. Jina Sassicaia lenyewe linatokana na neno la Kiitaliano la mawe. Maana yake ni mahali penye mawe mengi.

Mavuno ya kwanza hayakumpa sifa. Jamaa na marafiki waliozoea mvinyo mwepesi wa huko waliukunjia uso; walilalamika kwamba ulikuwa na ukakasi uliokaza ulimi. Mario hakubishana nao. Kuanzia mwaka 1948 hadi 1967 mvinyo huo haukuuzwa, bali ulinywewa nyumbani pekee, na kila mwaka chupa kadhaa zilihifadhiwa katika ghala. Kadiri miaka ilivyosonga ndivyo ukakasi ulivyolainika na harufu kufunguka. Wale wale walioukataa wakaanza kuusifu.

Mpwa wa mkewe, Piero Antinori, ambaye ukoo wake ni wa wafanyabiashara wakongwe wa mvinyo mjini Florence, ndiye aliyesaidia kuuingiza sokoni. Aidha, mtaalamu Giacomo Tachis, aliyefariki mwaka 2016, alialikwa kurekebisha namna ya kuutengeneza. Mvinyo wa mavuno ya 1968 ndio uliouzwa kwanza, na ulianza kupatikana madukani mwaka 1971.

Jina lake lilivuma nje ya Italia mwaka 1978. Jarida la Uingereza, Decanter, liliwakusanya waonjaji jijini London kulinganisha zaidi ya aina 30 za mvinyo wa cabernet kutoka nchi mbalimbali. Sassicaia ya mwaka 1972 ndiyo iliyoibuka mshindi.

Hata hivyo, nyumbani sheria ilikuwa na msimamo tofauti. Tangu mwaka 1963 Italia ilikuwa na mfumo wa majina ya asili yanayolindwa, ufahamikao kwa kifupi kama DOC. Mfumo huo hutaja eneo, aina za zabibu na namna ya utengenezaji. Cabernet ya pwani ya Bolgheri haikuwamo katika orodha hiyo. Kwa hivyo, kibandiko cha Sassicaia kiliruhusiwa kubeba maneno ya daraja la chini kabisa tu: mvinyo wa mezani. Ndilo daraja lililopewa pia mvinyo wa bei rahisi uuzwao kwa magudulia.

Mnamo 1983, mwaka ambao Mario alifariki, Bolgheri ilipata DOC yake ya kwanza, lakini kwa mvinyo mweupe na wa waridi peke yake. Mwekundu, uliokuwa umelipa eneo hilo jina duniani, uliachwa nje. Mavuno ya 1985 yalipotunukiwa alama 100 kwa 100 na mhakiki wa Marekani, Robert Parker, chupa hizo bado ziliandikwa mvinyo wa mezani. Wahenga walisema chema chajiuza. Wanunuzi walikuwa wamekwisha kuamua bila kungoja muhuri wa serikali.

Wakulima wengine wa Toscana waliiga mfano huo na kuzalisha kundi la mivinyo iliyokuja kujulikana kama Super Tuscan. Serikali ikajikuta na kioja mikononi: mivinyo ghali zaidi nchini ilikuwa katika daraja la chini zaidi. Mwaka 1994 kanuni za Bolgheri zilipanuliwa ili kuukubali mvinyo mwekundu, na Sassicaia ikatengewa sehemu yake. Mwaka 2013 ilipewa DOC kamili inayojitegemea, ambayo eneo lake lote limo ndani ya shamba la mmiliki mmoja. Hilo ni jambo la pekee nchini Italia.

Kanuni hizo zinataka angalau asilimia 80 ya zabibu iwe cabernet sauvignon. Kwa desturi, San Guido hutumia takriban asilimia 85, na zinazosalia ni cabernet franc. Baada ya kuchachuka, mvinyo hulazwa kwa karibu miaka miwili katika mapipa ya mwaloni wa Ufaransa yenye ujazo wa lita 225, kisha hupumzishwa katika chupa kabla ya kuuzwa.

Shamba lenyewe lina ukubwa wa takriban hekta 2,500, kutoka ufuoni hadi vilimani, ilhali mizabibu inachukua sehemu ndogo tu. Kwingineko ni msitu, mashamba ya nafaka, malisho ya farasi na kinamasi kilichotengwa kuwa hifadhi ya ndege wahamao, ambacho kimo katika orodha ya Ramsar ya maeneo chepechepe yenye umuhimu wa kimataifa. Mario alikuwa miongoni mwa watetezi wa mapema wa mazingira nchini mwake.

Baada yake, mwanawe Nicolò aliendeleza kazi. Mwaka 2018 jarida la Marekani, Wine Spectator, liliichagua Sassicaia ya mavuno ya 2015 kuwa mvinyo bora wa mwaka.

Umaarufu nao una gharama zake. Mnamo Oktoba 2020, polisi wa fedha wa Italia walitangaza kuvunja genge lililokuwa likiuza Sassicaia bandia kwa wanunuzi wa nchi za nje. Mvinyo uliokuwamo ulitoka Sicilia, chupa zilitoka Uturuki, na vibandiko pamoja na masanduku ya mbao vilitoka Bulgaria. Nembo ya nyota ya dhahabu juu ya duara la buluu ilikuwa imeigwa kwa ustadi mkubwa.

Kwa miaka mingi kibandiko hicho kilikuwa na maneno duni kuliko kilichokuwa ndani ya chupa. Katika chupa za genge hilo, mambo yalikuwa kinyume.