Wakulima maskini na vita vya msituni nchini Msumbiji

Mada hii inahusu jinsi watu wa vijijini nchini Msumbiji walivyowaunga mkono, kuwavumilia au kuwakimbia wapiganaji wa msituni katika vita viwili vilivyofuatana: vita vya ukombozi dhidi ya Ureno (1964–1974) na vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali ya FRELIMO na waasi wa RENAMO, vilivyomalizika mwaka 1992. Vijijini umaskini ulikuwa umeenea karibu kila mahali, lakini msimamo wa wakulima ulitofautiana kati ya jimbo na jimbo, hata kati ya ukoo na ukoo. Yaliyoamua zaidi ni mambo matatu: serikali ilikuwa imewanyang'anya nini, nani alikuwa na nguvu mahali walipoishi, na wapiganaji walijilisha kwa njia gani.

Vita vya ukombozi

Tangu mwaka 1938 utawala wa Kireno uliwalazimisha wakulima wa kaskazini kulima pamba na kuiuza kwa kampuni maalumu kwa bei iliyopangwa na serikali. Juu ya hayo kulikuwa na kodi na kazi za shokoa. Wamakonde wengi walivuka Mto Ruvuma kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, na huko wakaunda chama cha MANU. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo, lakini tukio hilo liliwafanya wengi wakate tamaa na madai ya amani.

Harakati ya ukombozi ya FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vya MANU, UDENAMO na UNAMI, chini ya Eduardo Mondlane. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, Cabo Delgado. Katika nyanda za juu za Mueda wanavijiji walibeba silaha kichwani kutoka mpakani, wakalima mashamba ya kuwalisha wapiganaji na kuwapa habari za nyendo za adui. Wareno walijibu kwa kuwahamishia mamia ya maelfu ya wakulima katika vijiji vyenye ulinzi ili kuwatenga na waasi.

Hata hivyo, kaskazini haikuwa na sauti moja. Vita vilikwama katika maeneo mengi ya Wamakua, ambako Wareno walichochea uhasama wa zamani kati yao na Wamakonde. Ndani ya maeneo yaliyokombolewa kulizuka mgogoro kuhusu maduka na ushirika. Lázaro Nkavandame, kiongozi wa FRELIMO katika Cabo Delgado, aligombana na viongozi wenzake na mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno, lakini Wamakonde wengi hawakumfuata.

Sera za vijijini baada ya uhuru

Baada ya uhuru wa 1975 FRELIMO iliwaondoa machifu waliokuwa wametumiwa na wakoloni, ikakemea matambiko kuwa ni ushirikina, na kuwahimiza, pengine kuwalazimisha, wakulima wahamie vijiji vya pamoja. Fedha nyingi za kilimo zilikwenda kwenye mashamba makubwa ya serikali, huku mkulima mdogo akikosa jembe, nguo na sabuni za kununua kwa mazao yake. Aliyehamishwa mbali na makaburi ya wazee wake na shamba lake la zamani alikuwa na kinyongo, ingawa si lazima awe alitaka vita.

Vita vya RENAMO

RENAMO haikuzaliwa na kinyongo hicho. Iliundwa kwa msaada wa idara ya ujasusi ya Rhodesia miaka ya 1970, na baada ya uhuru wa Zimbabwe mwaka 1980 ikachukuliwa na jeshi la Afrika Kusini. Kwa hiyo haikutegemea wakulima kupata silaha. Iliwateka vijana na kuwafanya askari, ikawageuza wanavijiji wapagazi, na ikachoma shule na zahanati. Ripoti ya Robert Gersony ya mwaka 1988, iliyoandikwa kwa ajili ya wizara ya mambo ya nje ya Marekani kutokana na mahojiano na karibu wakimbizi 200, ilikadiria kuwa raia 100,000 walikuwa wameuawa na RENAMO.

Lakini mahali pengine waasi walipokelewa. Mwanaanthropolojia Mfaransa Christian Geffray, aliyefanya utafiti katika wilaya ya Eráti, Nampula, alionyesha kuwa baadhi ya machifu waliodharauliwa waliondoka vijiji vya pamoja na watu wao, wakaingia upande wa RENAMO ili warudi katika maisha waliyoyachagua. Wakaaji hao walitoa chakula, na machifu pamoja na wasaidizi wa waasi walioitwa mujiba walikikusanya. Walichotaka ni kujitenga na dola. Punde wakajikuta chini ya jeshi lililoishi kwa jasho lao.

Wakulima wengine waliwapinga waasi kwa silaha zao wenyewe. Karibu na mwaka 1990 mganga Manuel António alianzisha kundi la Naparama katika Zambezia. Wafuasi wake walichanjwa dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi, kama ilivyokuwa katika Vita vya Maji Maji, na wakiwa na mikuki na mapanga waliwafukuza waasi katika maeneo kadhaa.

Mjadala wa wataalamu

Eric Wolf, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu vita vya wakulima, alidai kuwa maskini kabisa si wepesi wa kuasi, kwa sababu wanategemea matajiri kwa riziki. Mkulima wa kati mwenye shamba lake ana nafasi zaidi. James Scott (1976) aliweka mkazo kwenye haki ya kujikimu inapovunjwa, naye Samuel Popkin (1979) kwenye hesabu ya faida na hasara ya kila mkulima. Stathis Kalyvas (2006) aligeuza swali: mara nyingi watu hushirikiana na aliyeshika eneo, hivyo udhibiti huweza kuzaa uungaji mkono badala ya kuzaliwa nao. Jeremy Weinstein (2007) alitumia RENAMO kama mfano wa waasi wenye mfadhili wa nje, ambao huwatesa raia kwa kuwa hawalazimiki kuwabembeleza.

Baada ya vita

Mkataba wa amani ulitiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992. Katika uchaguzi wa 1994 FRELIMO ilipata viti 129 na RENAMO 112 kati ya 250, na RENAMO iliongoza kwa kura za bunge katika Sofala, Manica, Tete, Zambezia na Nampula. Kura hizo zilionyesha chuki dhidi ya serikali ambayo hesabu ya ukatili wa waasi peke yake isingeweza kuibashiri. Mwaka 2017 uasi mwingine, wa wanamgambo wa Kiislamu, ulianza Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Safari hii maveterani wa vita vya ukombozi, wengi wao Wamakonde, waliunda vikosi vya wenyeji ili kupigana upande wa serikali.