Elektroni Zinavyokwepana

Fungueni madaftari yenu, lakini msiandike bado. Sikilizeni kwanza.

Mnakumbuka ya kuwa ndani ya kila kitu zimo chembe ndogo sana za umeme ziitwazo elektroni, nazo husukumana zenyewe kwa zenyewe. Katika kipande kidogo cha chuma zimo nyingi mno. Nani awezaye kupiga hesabu yake yote?

Mwaka 1928 Mwingereza mmoja, Douglas Hartree, alitafuta njia ya mkato. Tuitazame elektroni moja, alisema, na zile nyingine tuzifanye kama wingu lililotanda. Baba yake, mzee William, aliyekwisha kustaafu, alimsaidia kupiga hesabu hizo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mwaka 1930 Mrusi Vladimir Fock aliitengeneza njia hiyo zaidi.

Lakini mfikirini mchukuzi aliyejitwika gunia sokoni. Je, hupita kama kwamba watu ni ukungu? La! Humkwepa huyu, kisha yule. Elektroni nazo hukwepana hivyo. Mwaka 1934 Eugene Wigner alikadiria jinsi kukwepana huko kunavyopunguza nishati ya elektroni katika metali.

Kisha likaja jambo la kuwaaibisha wataalamu. Iko oksidi ya nikeli, unga wa rangi ya kijani. Hesabu zilisema hupitisha umeme. Kumbe ikiwa safi huuzuia! Waholanzi wawili, de Boer na Verwey, walilieleza jambo hilo huko Bristol mwaka 1937. Rudolf Peierls akajibu kwamba elektroni zinasukumana kwa nguvu hata hazithubutu kuhama.

Mwaka 1964 Walter Kohn, aliyekimbia Vienna akiwa kijana, alionyesha pamoja na Pierre Hohenberg kuwa yatosha kujua elektroni zimesongamana wapi na kwa kadiri gani. Mwaka 1965, pamoja na Lu Sham, akaifanya kuwa njia ya kupigia hesabu. Sehemu ya kukwepana tu ndiyo iliyobaki ya kukisia. Mwaka 1980 Ceperley na Alder walipata tarakimu bora za sehemu hiyo kwa kompyuta. Hata hivyo unga ule wa kijani ulizidi kuwashinda, mpaka mwaka 1991 Anisimov, Zaanen na Andersen walipoongeza katika hesabu nguvu ya kusukumana kwa elektroni zikaazo katika atomu moja. Kiasi cha kuongeza hubishaniwa hata leo.

Sasa shikeni kalamu. Andikeni kwa maneno yenu wenyewe: kwa nini unga ule haupitishi umeme?