Tarikhi ya Nuru Ndogo Iliyo Mbele ya Dereva

Ubao ulio mbele ya dereva, ambao leo umejaa vipimo, namba na ishara za rangi, ulizaliwa bila taa na bila kipimo chochote, kwa kuwa motokaa za kwanza ziliurithi kutoka kwenye magari ya farasi, na huko kazi yake ilikuwa moja tu, nayo ni kumkinga mwenye kukaa juu na matope yaliyorushwa na kwato za mnyama aliyetangulia. Farasi alipoondoka ubao ulibaki, na waundaji wa motokaa wakaanza kuutundikia vyombo kimoja kimoja: kichupa cha kioo cha kuonyesha mafuta ya injini yakidondoka, kisha geji ya shinikizo, na baada ya Otto Schulze wa Strasbourg kupata hataza ya kipimo chake cha mwendo mwaka 1902, saa ya mviringo yenye mshale wa kuonyesha kasi. Tangu hapo likazuka swali ambalo nataka kulifuata katika insha hii, maana naamini halijapewa heshima linayostahili: ni nuru kiasi gani, na ya rangi gani, imfaayo mtu ambaye macho yake hayana budi kusoma kilicho karibu naye kwa dhiraa moja, na papo hapo kuona kilicho gizani hatua mia mbele yake?

Jawabu la kwanza lilikuwa duni. Taa kuu za zama zile ziliwaka kwa gesi ya asetilini, iliyopatikana kwa kudondosha maji juu ya vipande vya kabidi, au, tangu mwaka 1904, kwa kununua mtungi uliokwisha kujazwa na Prest-O-Lite ya Indianapolis. Zilikuwa taa kali, lakini nuru yake yote ilielekezwa njiani, na aliyetaka kutazama ubao hakuwa na msaada ila kandili ndogo ya mafuta, ambayo upepo uliizima na moshi uliichafua. Hata Ford Model T, gari lililowafikisha watu wa kawaida wa Marekani barabarani tangu mwaka 1908, mwaka 1919 lilipoanza kupatiwa betri na mota ya kuwashia, lilipewa ubaoni kipimo kimoja tu, cha mkondo wa umeme.

Mlango ulifunguliwa na umeme. Cadillac ya mwaka 1912 ilitoka na mfumo wa Charles Kettering, uliounganisha mota ya kuwashia injini, betri na taa pamoja, na kwa mara ya kwanza dereva akawa na chemchemi ya nuru asiyohitaji kuihudumia kwa maji wala kiberiti. Lakini umeme peke yake usingalitosha, kwani nyuzi za globu za zamani zilikuwa dhaifu mno mbele ya mtikisiko wa magurudumu. William Coolidge wa General Electric ndiye aliyegundua namna ya kuifanya tungsteni ivutike ikawa uzi mwembamba na mgumu, na globu za uzi huo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1911, ndizo zilizoweza kuvumilia safari. Basi globu ndogo iliyovishwa kofia ya bati ikawekwa juu ya ubao kumulika vyombo kutoka nje. Baadaye, vyombo vilipokusanywa mahali pamoja, globu zikafichwa nyuma yake, nuru ikapenya kandokando ya nyuso na kupitia katika tarakimu. Umbo hilo, la globu iliyojisitiri nyuma ya kipimo, lilitawala kwa zaidi ya nusu karne.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuvifanya vyombo visomeke gizani, na haifai kuipita upesi, kwa sababu ilinunuliwa kwa uhai wa watu. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza nyuso za saa na za vyombo vya ndege zilipakwa rangi iliyochanganywa na radiamu, ambayo hung'aa yenyewe usiku kucha bila betri. Katika mji wa Orange, New Jersey, wasichana walioajiriwa kupaka rangi hiyo walifundishwa kuichonga ncha ya brashi kwa midomo yao ili mistari itoke myembamba, nao wakaimeza radiamu kidogo kidogo kila siku, wakiambiwa kwamba haina madhara. Ikaingia katika mifupa yao, taya zikaoza, na wengi wakafariki wakiwa bado vijana. Mwaka 1928 watano kati yao, akiwamo Grace Fryer, walilipwa fidia katika kesi waliyoifungua dhidi ya United States Radium Corporation, ilhali afya ilikuwa imekwisha kuwatoka. Mimi naona kwamba hakuna historia ya taa za vyombo iliyo kamili isiyowataja wanawake hawa kwa taadhima, na namwomba kila anayepata saa ya kale au kipimo cha ndege cha zama zile asikifungue wala kukwangua rangi yake, kwani nusu ya radiamu huchukua miaka 1600 kutoweka.

Vita vya Pili vilileta maarifa yenye baraka zaidi. Jicho la mwanadamu lina seli za mchana, zitambuazo rangi, na seli za gizani, zitambuazo nuru hafifu. Hizi za pili huchukua kiasi cha nusu saa kuamka sawasawa, na mwali mmoja wa nuru nyeupe hutosha kuzirudisha usingizini. Lakini wekundu haziuhisi sana, na kwa sababu hiyo marubani na mabaharia wa nyambizi waliwekewa taa nyekundu, wapate kusoma vipimo bila kupoteza uoni wao wa usiku. Elimu hiyo ilihamia katika motokaa: BMW ikashika kwa miaka mingi rangi ya chungwa iliyokoza, na wengine wengi wakachagua kijani kilichofifia, wote wakiongeza kitufe cha kupunguzia nuru, ambacho madereva wengi hawakigusi kamwe tangu walinunue gari. Chrysler ilijaribu jambo la ajabu zaidi katika magari yake ya mwaka 1960, ambayo vyombo vyake havikuwa na globu hata moja, bali tabaka nyembamba za madini zilizong'aa zenyewe zilipopitishiwa umeme, zikitoa nuru ya upole iliyosambaa sawasawa isiyo na kivuli. Walioiona waliisifu, lakini gharama ilikuwa kubwa, na baada ya miaka michache ikaachwa, kampuni ikarudi kwenye globu yake ya zamani.

Globu hiyo tunaijua sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengi, maana barabara zetu zilikuwa mahakama yake kali. Land Rover, iliyotoka mwaka 1948, na Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, zilikuwa na vyuma vya kustahimili vumbi na matuta madogo madogo yasiyo na mwisho, lakini uzi wa tungsteni uliokuwa ukiwaka ndani ya globu ya wati 2.2 haukuwa chuma cha namna hiyo. Ulipokuwa wa moto ulilegea, ukitikiswa ulikatika, na dereva wa lori aliyeondoka jioni akiwa na vipimo vyote vikiwaka aliweza kufika alfajiri akiwa amebaki na kimoja. Kadhalika globu hiyo ilitumia sehemu kubwa kabisa ya umeme wake kuzalisha joto, joto likakausha plastiki iliyoizunguka, likazifanya kofia za rangi zilizoivika zipauke, hata uso wa kipimo uliotoka kiwandani ukiwa wa kijani ukaishia katika umanjano wa ugonjwa.

Dawa ya kasoro hizi ilikuwa imekwisha kuonekana zamani, ijapokuwa hakuna aliyeitambua. Mwaka 1907 Mwingereza Henry Round aligusa kipande cha kabidi ya silikoni kwa waya wenye umeme, akaona nuru ya njano ikitoka humo bila joto la kuwasha kitu. Mrusi Oleg Losev alilichunguza jambo hilo kwa miaka mingi tangu 1920 na kitu, akaandika mengi juu yake, kisha akafa kwa njaa mwaka 1942 katika mazingiwa ya Leningrad, ulimwengu ukiwa haujamsikiliza. Mwaka 1962 Nick Holonyak wa General Electric alitengeneza taa ya LED ya kwanza iliyotoa nuru nyekundu yenye manufaa, na kwa miaka kumi hivi wekundu ukawa ndio takriban rangi yake ya pekee, mpaka manjano na kijani zikafuata. Aston Martin Lagonda, iliyoonyeshwa mwaka 1976, ilithubutu kujaza ubao wake tarakimu za LED, lakini vyombo hivyo vilikuwa na matatizo mengi na wenyewe wakalazimika kubadili mfumo. Bila ya buluu hapakuwa na njia ya kupata nyeupe, na buluu ilikataa kwa miaka thelathini, hadi Isamu Akasaki na Hiroshi Amano huko Nagoya, na Shuji Nakamura katika kampuni ya Nichia mkoani Tokushima, walipoifuga fuwele ya galiamu naitraidi. LED ya buluu yenye mng'ao ilitangazwa mwaka 1993, miaka michache baadaye nyeupe ikapatikana kwa kuivika buluu hiyo unga wa manjano, na mwaka 2014 watu hao watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Buluu ilipopatikana ikawalevya watu. Volkswagen Golf ya mwaka 1997 ilitoka na vipimo vya buluu na mishale myekundu, vijana wakaipenda rangi hiyo kwa fahari yake, na tangu siku hizo wengi wakaiomba katika maduka ya vipuri. Mimi naisema wazi hukumu yangu, kwamba buluu ni rangi mbaya kabisa kuiweka mbele ya dereva wa usiku, kwa kuwa ndiyo izirudishayo usingizini upesi seli zile za gizani ambazo wahenga wa urubani walijitaabisha kuzihifadhi.

Kazi ya kubadili globu za uzi na kuweka LED ilikuja kwetu pamoja na magari yaliyotumika yaletwayo kutoka Japani, ambayo usukani wake uko kulia kama inavyotakiwa Tanzania, Kenya na Uganda. Mengi yaliundwa zama za globu ya uzi, yakafika kwetu yakiwa na umri, na globu zake zikaanza kufa moja baada ya moja. Fundi wa umeme wa magari, awe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, akajifunza kuitoa fremu ya plastiki bila kuivunja meno, kufungua skrubu, kuvuta saa yote nje kwa upole maana nyuma yake saketi imechapwa juu ya karatasi laini ya plastiki ambayo ikichanika haiungiki, kisha kuzungusha kila soketi robo mzunguko na kuichomoa. Globu ya kioo isiyo na kitako cha chuma huingizwa upande wowote ikawaka. LED ina chanya na hasi, ikiwekwa kinyume haiwaki, na fundi hodari huzijaribu zote kabla ya kurudisha skrubu hata moja. Aghalabu tatizo hujitokeza usiku wa kwanza: globu ya uzi humwaga nuru pande zote, LED nyingi huitupa mbele tu, kwa hiyo uso wa kipimo hupata madoa makali mahali pamoja na giza mahali pengine, na LED ya buluu ikiwekwa nyuma ya kofia ya kijani hutoa rangi isiyo na jina, kwa kuwa kofia huchuja na haiongezi kitu. Kitufe cha kupunguzia nuru nacho, kilichobuniwa kwa ajili ya uzi wa tungsteni, mara nyingi hushindwa kuitii LED, ikabaki kali ama ikapepesa.

Ipo globu moja ambayo hadhari yake ni kubwa kuliko hayo yote. Katika magari mengi ya kale taa nyekundu yenye alama ya betri si ishara tu, bali ni njia: ufunguo ukifunguliwa, mkondo mdogo hutoka kwenye betri, ukapita katika globu ile, ukaingia katika koili ya altaneta na kuipa usumaku wake wa kwanza, ambao bila huo altaneta haianzi kuchaji. Globu ya wati 2.2 kwenye volti 12 hupitisha takriban miliampea 180; LED ndogo hupitisha 20 au pungufu. Mwenye gari aliyeibadilisha hufurahia ubao wake mpya, kisha siku chache baadaye hukuta betri imekufa, akanunua betri nyingine, akabadili altaneta isiyo na kosa, na sababu yote ikiwa ni kiglobu cha thamani ndogo nyuma ya dashibodi. Kadhalika katika magari yenye mshale mmoja tu wa indiketa, globu yake imefungwa kati ya waya wa kulia na wa kushoto, mkondo ukija zamu upande huu na upande ule; LED isiyokubali kugeuzwa itaonyesha upande mmoja na kuwa bubu upande wa pili.

Kwa hiyo wewe unayempelekea fundi gari lako, mwagize nyeupe yenye joto au rangi ya chungwa, mwambie aijaribu usiku mahali pasipo taa za mtaa, na globu ya alama ya betri aiache iliyo na uzi.