Wagombea Wenye Hatia (Mombasa, Kenya)
Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 99, humnyima ugombea ubunge mtu aliye chini ya hukumu ya kifungo cha miezi 6 au zaidi, lakini baada tu ya rufaa zake zote kwisha. Mwanya huu ni mpana mno: John Waluke, aliyehukumiwa 2020 kwa ufisadi wa mahindi, alichaguliwa tena kuwa mbunge wa Sirisia 2022. Kifungo cha zamani hakizuii. Mike Sonko, aliyekiri kutoroka gereza la Shimo la Tewa, Mombasa bara, 1998, alipata kuwa mbunge, seneta na gavana wa Nairobi. Alipoutaka ugavana wa Mombasa, kilichomkwamisha ni kung'olewa kwake kwenye ugavana wa Nairobi Desemba 2020, kulikothibitishwa na Mahakama ya Juu tarehe 15 Julai 2022. Wapigakura wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawakulikuta jina lake kwenye karatasi za kura tarehe 29 Agosti.