Usalama wa metali katika vyombo vya pombe ya nyumbani
Usalama wa chombo cha metali cha kutengenezea pombe nyumbani hutegemea zaidi asidi. Bia, busaa au mbege ikishachachuka huwa na pH ya karibu 4, kiasi kinachotosha kumumunyisha baadhi ya metali. Chuma kisichoshika kutu ndicho bora: kromiamu iliyomo hujenga utando mwembamba wa oksidi unaokikinga, ingawa dawa ya klorini ikiachwa ndani huweza kukitoboa vishimo. Sufuria ya alumini yafaa kuchemshia, lakini isioshwe kwa sodakali. Shaba nayo ni ya kuchemshia, si ya kuhifadhia, na kutu yake ya kijani lazima isuguliwe yote. Ndoo na mapipa ya mabati hayafai hata kidogo, kwani zinki iliyopakwa juu yake huyeyuka na kuleta kichefuchefu na kutapika.

Hatari kubwa kuliko zote ni risasi. Nchini Marekani, wanywaji wa pombe haramu wamedhurika kwa risasi ya viungo vilivyolehemiwa vya rejeta za magari, zilizogeuzwa vipoza mvuke. Risasi ikishaingia katika pombe haionekani wala hainuki, kuchemsha hakuiondoi, nayo huharibu ubongo, figo na damu.